Kabla Hujaandika Habari za Baba Yako

Halima mwanangu,

Umeenda kwa mjomba wako kuaga, na najua hutarudi upesi, maana mke wake hamruhusu mtu kutoka kwake kabla hajala. Nimekaa mezani pako, kati ya nguo ulizokwisha kukunja na zile ambazo bado hujaamua. Mambo ya blanketi, ya dawa yako ya kifua na ya kunipigia simu tumeyaongea jikoni mpaka umechoka kunisikia, kwa hiyo siyarudii. Naandika kwa sababu wiki jana uliniuliza swali, nami nikainuka nikaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Uliniuliza kama nakupa ruhusa uandike kitabu kuhusu kifo cha baba yako.

Ulinieleza vizuri. Ulisema wachapishaji waliokuajiri kule Nairobi wanatafuta vitabu vya mambo ya kweli: kesi zilizosikizwa katika mahakama zetu, kazi ya wapelelezi, magonjwa na watu waliodai kuyatibu. Ulisema bosi wako alisikia kuhusu daktari bandia wa Kamere, akashangaa kwamba hujaandika hata ukurasa. Umepekua magazeti ya wakati ule, faili la mahakama bado hujalipata, na kilichobaki ni kumtafuta yule nesi wa kliniki. Ulisema, "Nikimpata nesi, Mama, nina kitabu."

Jambo moja hulijui. Tangu uende chuo nimekuwa nikivisoma vile vitabu vyako, vile ulivyonunua kwa wauzaji wa kando ya barabara na kuvipanga juu ya kitanda. Nimesoma kuhusu wapelelezi waliouza siri za nchi zao, kuhusu mawakili, kuhusu maradhi yaliyofagia miji mizima. Vingine Kiingereza chake kilinishinda nikavisoma nusu. Nilitaka kujua mwanangu anaona nini humo. Nikaona kwamba muuaji hupewa utoto, hupewa mama, hupewa hata mbwa aliyempenda. Aliyeuawa hupewa umri na kazi, halafu anazikwa. Sikulaumu. Nilielewa tu kwa nini swali lako lilinifanya niende kuanua nguo mbichi.

Sasa nitakueleza yote kwa mpango, kwa sababu wewe uliyapata vipande vipande, vingine kutoka kwangu na vingine kutoka kwa watu.

Baba yako, Salim, alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba huko Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Tulikaa Kamere, chumba kimoja, na ukitoka mlangoni unaona ziwa. Wengi pale walikuwa wavuvi au watu wa mashamba ya maua. Hospitali kubwa ilikuwa Naivasha mjini, na mtu wa shifti hapendi kupoteza siku nzima kwa sababu ya kuumwa kichwa. Ndiyo maana kliniki ya Daktari Patrick ilijaa kila wakati.

Nataka umjue Patrick alivyokuwa, maana ukimwandika kama fisi utakuwa umeandika uongo. Alikuwa mtu mpole. Alikuwa akija nyumbani kwa mgonjwa hata mvua ikinyesha. Akina mama wa mashambani, ambao wasimamizi wao huwafokea siku nzima, waliingia pale wakaitwa kwa majina yao. Wewe mwenyewe ulishikwa na homa ya mapafu ulipokuwa bado unanyonya. Kifua kilikuwa kinaingia ndani kila ukivuta pumzi. Nilikupeleka kwake nikilia, akakaa nawe, akakudunga sindano, akarudi kukuangalia asubuhi na jioni mpaka ukaanza tena kunivuta nywele. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa mtu wake. Ningeambiwa yeye ni malaika ningekubali.

Baba yako alipoanza kuumwa na tumbo ulikuwa mtoto wa kukimbia-kimbia. Maumivu yalianzia kitovuni, kisha yakateremka upande wa kulia. Patrick alimgusa kidogo, akasema ni taifodi, akamlaza na kumtundikia dripu. Mimi nilikuwa nikienda na kurudi na chakula, wewe ukicheza na watoto wengine pale uani. Homa ilizidi. Halafu mchana mmoja maumivu yakatulia ghafla. Salim aliketi, akaomba uji, akanitania kwamba nimekonda kuliko yeye mgonjwa. Patrick alifurahi kama sisi. Akasema dawa imeshika. Mimi nilimshukuru mpaka nikamshika mikono yote miwili.

Baadaye daktari wa hospitali alinieleza kwamba kutulia kule ndiko kulikokuwa hatari. Haikuwa taifodi. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na sumu ilikuwa inaenea ndani.

Pale kliniki palikuwa na nesi mmoja, msichana aliyekuwa amemaliza mafunzo si muda mrefu. Aliingia kumbadilishia dripu, akaweka kiganja juu ya tumbo la baba yako, akakiacha pale. Kisha akatoka. Niliona uso wake lakini sikuuelewa. Nilipokwenda kuosha kikombe alinifuata bombani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Halima, tumbo la baba limekuwa gumu kama ubao. Mpeleke Naivasha saa hii."

Nilirudi kumuuliza Patrick. Alisema yule msichana bado anajifunza, anaogopa kila kitu. Alisema tumpe usiku mmoja. Nami nilikuwa na mtoto mzima anayekimbia uani, aliyeponywa na mikono ileile. Nilimpa ule usiku.

Kulipopambazuka Salim hakuwa akinijua. Majirani walitafuta gari, tukamfikisha hospitali, wakampasua, lakini walikuwa wamechelewa kwa sababu sisi tulichelewa. Alifariki kabla ya adhuhuri. Kwa miaka mingi nimejiuliza kuhusu usiku ule. Jibu nililofikia si kubwa: nilimwamini mtu ambaye kila kitu nilichokiona kilinionyesha nimwamini. Sijioni mkosaji tena, ingawa ilinichukua muda mrefu kufika hapo, na kuna siku narudi nyuma.

Daktari aliyempasua ndiye aliyeuliza mgonjwa alikuwa wapi siku zote hizo. Nilipomtajia Patrick, alisema hajapata kusikia daktari wa jina hilo upande ule wote, akaripoti polisi. Kesi ikapewa mpelelezi mmoja, Inspekta Chebet, mama mnene asiye na haraka. Sehemu hii utaipenda, maana ni kama vitabu vyako. Chebet alivaa leso na ndala, akaenda kuketi kwenye foleni ya kliniki kama mke wa mvuvi, na chombo cha kurekodi kikiwa ndani ya nguo. Hakuwa na ugonjwa wowote. Patrick alimsikiliza, akampima joto, akamwambia ana taifodi. Chebet aliniambia baadaye kwamba kilichomtisha si kule kudanganywa. Alisema, "Yule mtu alinihurumia kweli kweli. Nilitoka pale nikijisikia mgonjwa."

Upelelezi ukaonyesha kwamba Patrick hakuwahi kusomea udaktari popote. Alikuwa msukuma vitanda katika hospitali moja ya mbali, miaka mingi, akitazama madaktari. Watu aliofanya kazi nao walimtambua mara moja na wakahuzunika, kwa sababu huko pia alipendwa.

Mimi nilikuwa nimerudi hapa Bondeni kwa nyanya yako, nikaanza kushona. Kesi ilisikizwa Naivasha, ikaahirishwa, ikasikizwa tena. Kila nilipofika nilikuta akina mama wa Kamere wamekaa upande wa mshtakiwa. Walikuja na watoto aliowatibu. Jirani yangu wa mlango wa pili, tuliyekuwa tunagawana hata chumvi, alinipita bila salamu. Aliwaambia watu kwamba nimewafungia kliniki, na sasa mtoto akiugua watamkimbiza wapi. Nilimchukia. Leo naona kwamba swali lake lilikuwa la haki, na hakuna aliyelijibu mahakamani.

Siku yangu ya ushahidi, mwendesha mashtaka aliniuliza yaliyotokea nikaeleza. Kisha wakili wa Patrick akasimama. Alikuwa kijana mwenye adabu, hakunipigia kelele. Aliniuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye. Akauliza kama mtoto huyo aliwahi kuugua mapafu, na ni nani aliyemtibu.

Halima, nilikuwa na nafasi ya kusema sikumbuki. Hakuna ambaye angenibishia. Nilimwangalia Patrick pale kizimbani. Alikuwa ameinamisha kichwa, hakuwa ananiomba chochote. Nikasema, "Ni yeye."

"Alipona?"

"Alipona."

Wakili akasema hana swali lingine, akaketi. Nilisikia akina mama wa Kamere wakipumua. Niliteremka nikijua kwamba nimemwachilia mtu aliyemuua mume wangu. Lakini nisingeweza kusema vingine. Ukweli ule ulikuwa wewe, uliyekuwa nyumbani ukiningoja.

Aliyenifuata ni yule nesi. Alikuwa amevaa sweta ya kijani iliyombana, na sauti yake mwanzoni haikufika hata kwa jaji, akaombwa arudie. Alieleza kuhusu tumbo lililokuwa kama ubao. Alieleza kwamba baada ya kuniambia mimi, alimfuata Patrick chumba cha nyuma, akamwambia waziwazi kwamba mgonjwa amepasuka ndani. Patrick alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mwendesha mashtaka akamuuliza mshtakiwa alijibu nini.

Nesi akasema, "Aliniambia, 'Nikimpeleka hospitali wataniuliza mimi ni nani.'"

Hapo kesi ikaisha, ingawa iliendelea siku nyingine kadhaa. Kabla ya maneno yale, Patrick alikuwa mtu aliyekosea, na hata daktari wa kweli hukosea. Baada yake kila mtu alijua kwamba alielewa Salim anakufa, akapima maisha ya Salim na siri yake, akachagua siri. Jaji alimpata na hatia ya kuua bila kukusudia. Alipopelekwa ndani, mama yake mzee alibaki kwenye benchi akitafuta kiatu chake kilichokuwa kimemtoka. Nilimwona, sikumsaidia, na sikumcheka. Nilimwona tu.

Kuna jambo ambalo halimo katika magazeti yako. Mwaka juzi nilikwenda sokoni kununua nyuzi, nikapita kwa wauzaji wa viatu vya mitumba. Mmoja akainua kichwa. Amezeeka, meno ya mbele hana, lakini macho ni yaleyale ya Patrick, aliyekwisha kumaliza kifungo chake. Nilidhani ataangalia kando. Aliniita kama zamani, "Mama Halima," halafu akainamia viatu vyake, kama mtu aliyejishtukia. Sikuondoka. Sijui kwa nini sikuondoka. Mwishowe akaniuliza kama yule mtoto yuko.

Nikamwambia yuko, na kwamba sasa ni mrefu kuniliko.

Akasema, "Nashukuru." Basi. Hakuomba msamaha na mimi sikumpa. Nilifika nyumbani nikakumbuka kwamba nyuzi sikununua. Ukiniuliza kama nimemsamehe, nitakwambia sijui, na nakuomba kitabu chako kisijifanye kinajua kwa niaba yangu.

Nimekaribia sasa lile lililonifanya nichukue kalamu badala ya kukungoja urudi tuongee.

Baada ya ushahidi wake, yule nesi hakuweza tena kuishi Kamere. Walisema amemchoma bosi wake kwa kutoboa siri yake. Walimmwagia maji machafu mlangoni. Kliniki nyingine zilimkataa, kwa sababu hakuna mwenye kliniki anayetaka mfanyakazi anayesema mambo mahakamani. Alihama, akauza mboga, akaolewa, akapata mtoto wa kiume, na baada ya miaka akapata tena kazi ya unesi. Nyanya yako alipofariki, mwanamke alisimama mlangoni hapa na sufuria ya pilau. Sikumtambua mpaka alipoongea. Niliposhika ile sufuria nililia kuliko nilivyolia msibani. Aliniomba jambo moja tu. Alikuona ukipita na madaftari ya shule, akasema, "Asijue mimi ni nani. Nataka anione kama mtu tu, si kama siku ile."

Nikamwahidi. Na ahadi ile nimeitunza kila Idi, kila alipokuja kukusuka nywele, kila alipokuletea viazi kutoka Gilgil na kukuuliza umesoma nini. Ndiyo, Halima. Nesi unayemtafuta ni Mama Kevin. Umekula kwake mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu.

Najua utaketi chini ukisoma hapa. Utakasirika pia, na una haki. Uliponiambia ukimpata nesi una kitabu, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu alikuwa ametoka kukutumia salamu asubuhi hiyohiyo. Lakini siri haikuwa yangu. Ndiyo maana nikaenda kwenye nguo.

Kosa langu mimi ni jingine. Kwa kuwa nilipigana sana ili kifo cha Salim kijulikane, nilisahau kukuonyesha maisha yake. Unajua jina la ugonjwa uliomuua, unajua jaji alisema nini, lakini hujui alikuwa akiimba nini akinyoa ndevu. Nilikuachia jeneza, na sasa unataka kuliandika, kwa sababu ndilo pekee nililokupa. Ukirudi mapumzikoni tutakaa siku nzima na nitakusimulia mtu mwenyewe. Aliimba vibaya, nikuambie mapema, na maneno alikuwa akijitungia.

Leo asubuhi nilimpigia Mama Kevin. Nilimwambia swali lako. Akasema nikueleze mimi. "Nikimwambia mimi nitalia," alisema, "na yeye hataweza kuniuliza maswali yake." Anakungoja Jumamosi ya kwanza utakayopata nafasi. Ukienda, kalamu iache kwenye mkoba mpaka mmalize kula. Yale atakayokukataza kuandika, usiyaandike, hata bosi wako akisema nini. Na watu wa Kamere usiwafanye wajinga. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kabla ya kukata simu aliniambia jambo ambalo hakulisema mahakamani kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na hata mimi hakuwahi kunieleza, akifikiri litaniumiza.

Ile siku maumivu yalipotulia, nilikuwa nimekimbia nyumbani kumpikia uji. Baba yako alimwita, akamuuliza kama taifodi inaweza kumshika mtoto kwa kulala karibu na mgonjwa. Nesi akamwambia haiwezi. Baba yako akasema, "Basi niletee Halima." Nesi akatoka uani, akakubeba, mikono yako ikiwa na tope, akakulaza upande wa mkono usio na dripu. Wewe ulikuwa umechoka kucheza, ukalala hapohapo. Salim hakulala. Alikaa anakufukuzia nzi kwa kofia yake ya kazini muda wote huo, na alipomwona nesi akiangalia, alimwashiria kwa kidole asifanye kelele. Aliposikia hatua zangu zinakuja na uji ndipo akasema wakurudishe nje, nisije nikamgombeza kwa kukulaza na tope.

Miaka yote hii sikujua. Nimejua leo, Halima, saa chache kabla hujaondoka, na tangu asubuhi nimekuwa nikishika kazi na kuiacha.

Ruhusa unayo.

Mama yako,
Rukia